Muuza Miwani Aliyevua Miwani

4 Machi

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi kama nzi kwenye embe bovu. Hujambo wewe, Mama hajambo, na ile cherehani yako imeacha kukohoa? Mimi mzima, tatizo ni lile lile la kuzaliwa mzuri kwenye familia ya wasioona vizuri.

Sasa kaa chini, na Mama naye mkalishe kabla hujamsomea. Nimefanya. Wiki iliyopita wamenitia lenzi ndani ya macho, yote mawili. Si zile za kubandika asubuhi na kubandua jioni. Hizi zinakaa ndani kwa ndani, nyuma ya ile sehemu yenye rangi. Zamani miwani ilinikalia puani, sasa nimeimeza kwa macho.

Kabla ya kunipasua daktari alinipa karatasi ya hatari. Ndefu, dada! Eti presha ya jicho inaweza kupanda, eti mtoto wa jicho anaweza kuja mapema, eti taa zinaweza kuvaa pete. Akaniuliza, "Umesoma ukaelewa?" Nikamwambia, "Daktari, mimi muuza miwani. Karatasi za hivi nazijua, zinaandikwa ndefu ili mtu asisome." Akacheka kidogo, mimi nikacheka sana, nikatia sahihi.

Basi asubuhi yake nafungua macho, naona dari ina ufa. Miaka sita nalala chini ya ule ufa bila kujuana! Nikatoka nje, nikamwona kinyozi jirani yangu. Dada, yule bwana ananyoa mji mzima lakini puani kwake kumeota shamba.

Ila biashara imegoma. Mteja anakuja mezani, ananitazama usoni mtupu, anasema, "Wewe mwenyewe umevua, sisi unatuvalisha ya nini?" Muuza miwani bila miwani ni kama mpishi mwembamba. Lakini mimi nakosa akili lini? Nimeitoa miwani yangu ya zamani, ile ya vioo vinene kama vitako vya chupa, navaa nikiwa mezani tu. Sioni kitu, najikwaa, lakini wateja wamerudi!

Mdogo wako,
Chupa


9 Machi

Mdogo wangu,

Sisi wazima, cherehani inakohoa bado. Dereva wa lori la saruji ameleta barua yako ikiwa na vumbi kuliko yeye.

Nimemsomea Mama. Kauliza, "Na wakati wa kulala anazivua anaziweka wapi?" Nimemweleza mara mbili. Anasema haya, lakini usilalie tumbo zisije zikadondoka.

Sasa mimi. Nimekasirika na nimefurahi, sijui nianze na lipi. Umepasuliwa macho bila kuniaga, kama mtu aliyekwenda kununua chumvi. Matone unaweka kwa saa ulizoambiwa? Siku ya kurudi kupimwa ulikwenda? Hapo hukuandika, na wewe usipoandika kitu nakijua. Na hiyo miwani ya zamani ivue. Mtu aliyepona mguu hatembei na gongo ili awafurahishe majirani.

Nikwambie ukweli, nami nimechoka. Macho yangu ni ndugu ya macho yako. Sare za shule nashona nimeinamia kitambaa mpaka pua inakaribia kushonwa pamoja na mfuko. Mambo yako yakienda vizuri, nami nitajitosa. Kwa hiyo niandikie ukweli, si vichekesho tu.

Dada yako


16 Machi

Dada,

Salamu kwako na kwa Mama.

Kichwa kinauma tangu jana, upande wa kulia. Jicho la kulia ni jekundu na linavuta. Asubuhi nimetapika mara mbili. Taa ya duka la pembeni naiona ina pete, na maandishi yana ukungu. Ni ile miwani ya zamani tu, ulisema kweli. Siku ya kurudi kupimwa sikwenda, kulikuwa na wateja. Nimekunywa dawa ya maumivu. Nitalala, itapita.

Mdogo wako


17 Machi

Mdogo wangu,

Hata salamu utanidai, leo sina nafasi.

Barua yako nimeisoma mara tatu natafuta mzaha. Hakuna hata mmoja. Wewe siku tunamzika Baba ulimwambia mchimba kaburi aongeze upana, marehemu hapendi kubanwa. Wewe uandike barua nzima bila mzaha? Na "Chupa" hukuweka.

Hiyo si miwani. Miwani ukiivua, kichwa kinatulia. Umeivua ukalala, kimetulia? Presha ya jicho, taa kuvaa pete: haya uliniandikia mwenyewe ukicheka, barua ninayo hapa.

Sikumsubiri dereva. Nimempigia kinyozi wako. Nikamwambia, "Kaka, mpeleke hospitali sasa hivi." Akasema, "Shemeji, huyu si anatania?" Nikamwambia, "Akitania mwache. Asipotania mbebe." Akaniambia asubuhi alikuchungulia, akakukuta kitandani, hata hukumtania. Nikasikia kiti cha kinyozi kinasukumwa, na mteja analalamika amenyolewa nusu.

Hii barua utaisoma ukiwa umeshafika. Mama sijamwambia.

Dada yako


21 Machi

Mdogo wangu,

Siku nne. Kinyozi anasema wameiteremsha presha kwa dawa, kisha lenzi ya jicho la kulia wameitoa. Nikamuuliza, "Anaona?" Akasema bandeji haijafunguliwa, daktari anangoja. Zaidi hajui, naye macho anayajua ya kwenye kioo chake tu.

Leo nimeshona mkono wa shati mahali pa kola. Mama ananitazama, nadhani anajua.

Niandikie mstari mmoja. Lakini uwe na mzaha ndani yake, nipate kujua ni wewe.

Dada yako


24 Machi

Dada yangu, mama yangu wa pili, polisi wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mimi naona. Naandika tena kwa herufi kubwa ili na dereva wa lori aone: NAONA. Kitu cha kwanza jicho la kulia lilichoona bandeji ilipotoka ni pua ya kinyozi, imeinama juu yangu na shamba lake lote. Sijawahi kufurahia mazao ya mtu kiasi kile.

Daktari kanieleza. Jicho lina maji yake, na maji yana mfereji wake. Lenzi ya kulia ilikuwa ndefu kidogo kwa jicho langu. Pamoja na kupima kote, hutokea. Ikasukuma ile sehemu yenye rangi mbele, mfereji ukaziba, maji yakajaa, presha ikapanda. Kasema ningelala siku mbili zaidi ule mshipa wa kuonea ungekufa, na ule ukifa haufufuki. Na ningekwenda siku ile ya kupimwa, wangeiona mapema. Alisema polepole, bila kucheka. Safari hii nami sikucheka.

Karatasi ile nimeiomba tena nikaisoma yote. Lenzi kutoenea iko mstari wa nne, dada. Wa nne! Mimi niliishia wa tatu.

Jicho la kulia limerudia uchupa wake wa zamani, salama. La kushoto lenzi inakaa, ila nitapimwa kila mara, presha na mengine, miaka yote. Miwani ya kioo kinene upande mmoja kasema itanipa kizunguzungu, kwa hiyo jicho likipoa nitabandika lenzi ya kawaida kwa juu. Ndogo zaidi ya kuweka ndani ipo, kasema nifikiri. Nafikiri. Ni kazi ngeni kwangu lakini naizoea.

Miwani ya zamani nimeiweka katikati ya meza na kibao: HAIUZWI, INAPUMZIKA. Wateja wanauliza, nawasimulia, wanacheka, wananunua.

Wewe usijitose. Nenda upimwe kwanza, na wakikwambia jicho lako halina nafasi ya lenzi, kubali.

Mdogo wako aliye hai,
Chupa


29 Machi

Chupa wangu,

Dereva alinikuta mlangoni. Nilipofika kwenye pua ya kinyozi nikalia, halafu nikacheka, halafu vyote viwili, mpaka wateja wawili wakaahirisha vipimo vyao.

Mama nimemsomea zote leo, pamoja na zile nilizoficha. Alijua. Kasema mtu hashoni mkono kwenye kola kwa sababu ya mafua.

Mwezi ujao nakwenda kupimwa. Karatasi yao nitakuja nayo nyumbani, niisome kwa sauti mstari kwa mstari, Mama anasikiliza. Asipoelewa mstari mmoja, sitii sahihi.

Mshukuru kinyozi. Nimemshonea koti jipya la kazini, na mfukoni nimetia mkasi mdogo. Mwambie ni wa kunyolea wapi, wewe unajua kusema.

Na Mama ana swali moja, kanisimamia hapa niliandike: hiyo lenzi waliyoitoa, walikurudishia? Anasema wewe ni muuza miwani, hushindwi kumpata mnunuzi.

Dada yako