Soli Zilizobaki Mpya

Kwa mdogo wangu Kocha,

“Raba yako ya godoro ndiyo iliyomvunja mwanangu mguu.” Ndivyo ulivyoanza barua yako, bila hata kuniamkia, kana kwamba unamwandikia mtu aliyekuibia kuku. Basi marahaba, ingawa shikamoo yako haikufika. Hujambo, mdogo wangu? Wifi yangu hajambo? Goti lako la kushoto bado linakusumbua baridi ikizidi? Na wale vijana wako wa kambini, bado unawazungusha uwanja huku wa mwisho akibeba raba za wenzake shingoni? Mimi ni mzima. Koo linanikwaruza kidogo kwa vumbi, na mhariri ananifuata kila siku akitaka makala, lakini nakula, nalala, na ninagombana na watu kama kawaida yangu. Binti yako naye anakula. Mguu wake uko kwenye plasta kuanzia vidoleni hadi chini ya goti, na sasa hivi amekaa kibarazani kwangu ameuweka juu ya stuli. Anakusalimu. Kwa nini anakusalimu sijui, ila nimefikisha.

Tuje kwenye raba. Unataka niandike gazetini, kwenye safu yangu ninayopimia vifaa vya michezo, kwamba raba hiyo ni hatari na imemvunja mtoto. Umesema nisipoandika utakuja mwenyewe kumchukua, na plasta yake hivyo hivyo, umpeleke kambini akafanye mazoezi ya mikono na tumbo mpaka mguu upone, kwa kuwa mchujo wa timu haumsubiri mtu. Sitaandika hivyo. Ni uongo, na mimi uongo sijawahi kuuandika hata kwa watu niliowachukia kuliko wewe. Nitakueleza raba hiyo ni nini, kisha nitakueleza kilichomvunja mwanao. Soma mpaka mwisho. Na wewe wifi, najua unasoma juu ya bega lake. Akianza kuruka mistari, mnyang’anye karatasi usome kwa sauti.

Nilipewa jozi tatu za kupima. Moja nilivaa mimi. Moja nilimpa jirani yangu, karani wa mahakama, ambaye anakimbia ili tumbo lisiwe linamtangulia mlangoni. Ya tatu nilimpa binti yako, Tiara, kama mlivyomwita wenyewe nyumbani kwa wepesi wake. Sote tuna kasoro moja: nyayo zetu zinalalia ndani. Tukanyagishe kwenye saruji kwa miguu yenye maji, alama itatoka nzima kama umeweka pasi. Wewe pia unayo, ila hujawahi kukubali.

Kwa macho, raba hiyo haina sifa. Rangi yake ni ya dawa ya kikohozi. Ni nzito kuliko wanavyodai wauzaji, ulimi wake unateleza pembeni ukikimbia, kamba zake ni ndefu unaweza kumfungia mbuzi, na kwenye sakafu yenye maji ni sabuni tupu. Hayo nimeyaandika yote na sitafuta hata moja. Lakini kisigino kikitua, sponji inakipokea. Upande wa ndani, pale mguu wetu unapopenda kuanguka, wameweka sponji ngumu zaidi, na kitako cha raba ni kipana, kwa hiyo mguu ukitaka kulala unakuta ukuta. Haukusukumi popote, unakuzuia tu, kama mtu anayekushika kiwiko mkivuka barabara. Ukiivaa siku ya mashindano utaachwa mbali. Ni raba ya kazi ya kila siku, ya kukimbia leo na kesho uweze kukimbia tena. Karani alikuwa akitoka mazoezini anashuka ngazi kinyumenyume kwa maumivu ya magoti. Sasa anashuka akipiga mluzi, mpaka mkewe amekuja kuniuliza nimempa nini mume wake.

Najua elimu yako. Umeihubiri kwenye kila harusi na kila msiba wa ukoo huu: mguu unaolindwa unakuwa mvivu, raba laini inazaa wanariadha laini. Vitabu unavyovinukuu nimevisoma, tena nimevisoma mpaka kurasa ambazo wewe hukufika. Wale waliosema mguu uachwe ujifunze wenyewe walikuwa wanawazungumzia watu wazima, wanaoanza pole pole, wanaoruhusiwa kusimama wakiumia. Hakuna hata mmoja aliyesema mtoto wa shule avalishwe raba nyembamba kama karata, akimbizwe kwenye lami asubuhi na jioni, na akichechemea aitwe Bata mbele ya wenzake mpaka wenzake nao wajifunze kumlilia kwa sauti ya bata. Hilo hukulisoma popote. Umelitunga mwenyewe, na ukalipa jina la sayansi.

Shule zilipofungwa ukamleta kwangu kwa sababu uwanja uko karibu. Siku ile ile niliona anavyokanyaga. Nilikupigia simu nikakuambia muundi wa mtoto unauma, ukacheka, ukasema unamuuma kwa sababu anausikiliza. Nikaomba kuzungumza na wifi. Wifi akaniambia, dada, tuwaachie wenyewe, baba mtu ndiye anayejua mbio. Kisha kila asubuhi ukamtumia mazoezi kwa simu, na kila jioni akakujibu alivyokimbia, na wewe ukamrudishia neno moja: ongeza.

Nikampa raba. Siku ya kwanza alirudi kutoka uwanjani amenuna, uso umemshuka kama mtu aliyepewa habari ya msiba. Nikamuuliza, vipi, bado unauma? Akasema hauumi tena, shangazi. Nikafurahi, nikapiga makofi jikoni peke yangu kama mwendawazimu, wala sikujiuliza kwa nini mwenye mguu hafurahi. Tangu hapo kila nikimuuliza habari za raba alinipa majibu ya kupendeza. Inashika vizuri, shangazi. Haichomi. Laini. Nikayachukua majibu hayo nikayatia kwenye makala.

Kisha asubuhi moja akaanguka kwenye kona ya uwanja na hakuinuka. Mlinzi wa pale ndiye aliyenipigia simu. Hospitali wakampiga eksirei, na daktari wa mifupa akaniwekea picha kwenye mwanga akanionyesha ufa. Akaniambia mfupa huu haukuharibika leo, umekuwa ukichanika taratibu kwa muda mrefu. Akaniuliza, bila kunitazama, ni nani anayemkimbiza mtoto huyu. Nikamwambia ni kocha maarufu. Akasema anaona.

Ndipo barua yako ikafika, na sitakuficha, ilinitikisa. Nilifikiri, kama raba niliyoisifu ilikuwa inafunika maumivu huku mfupa ukipasuka chini yake, basi Kocha ana haki, na makala lazima ichanwe. Kwa hiyo nikafanya ninachofanya kila nikimaliza kupima: nikazikusanya jozi zote tatu, nikazipindua juu ya meza ya jikoni. Watu ninawauliza kwa sababu ya adabu. Ninachokisoma ni soli.

Za karani zilikuwa zimelika kisiginoni, upande wa nje, kama anavyotua yeye kwa uzito wake. Zangu zimelika mbele. Za Tiara zilikuwa na matope mengi juu, kwenye kitambaa, yamepakwa kwa uangalifu mpaka kwenye mashimo ya kamba. Chini zilikuwa mpya. Unavijua vile vinyweleo vya mpira vinavyobaki kwenye soli kutoka kiwandani, vinavyokatika mtu akikimbia barabarani mara chache tu? Vilikuwa vimekatika kidogo kisiginoni. Kwingine kote vilikuwa vimesimama.

Nikamfuata kibarazani na raba mkononi. Nilimfokea, mguu wake ukiwa kwenye stuli. Nikamwita mwongo, nikamwambia nusura anitie aibu kwa wasomaji wangu na amenigombanisha na ndugu yangu. Akasubiri nimalize, kama anavyokusubiri wewe. Kisha akasema zile raba zako nyembamba alikuwa nazo kwenye mfuko siku zote. Alikuwa akibadilisha nyuma ya tangi la maji la uwanjani, na akimaliza mazoezi anazipaka hizi tope ndipo anarudi. Nikamuuliza kwa nini, mwanangu, na hizi hazikukuumiza? Akasema ni kwa sababu hiyo hiyo. Akasema, shangazi, zilikuwa zinaniponya.

Soma pole pole hapa, Kocha.

Mwanao alivaa raba hizi, maumivu yakaanza kuondoka, akaogopa. Alishafikiri kila njia ya kutoka mikononi mwako. Kuchoka hukubali. Kulia hukubali. Alishakuambia mara moja kwamba hataki tena, ukamzungusha uwanja mpaka yeye ndiye akaomba radhi, na mama yake akiwa ameshika taulo pembeni. Akaona kilichobaki ni mfupa. Mfupa ukivunjika, hata baba atanyamaza. Kwa hiyo akarudia raba zako, akakimbia kila zoezi ulilomtumia bila kuruka hata moja, na kila ulipomwambia ongeza akaongeza, akitua kwa nguvu kwenye mguu ule ule unaouma, akisubiri. Katika vijana wako wote hujawahi kupata mtiifu kama yeye. Aliniambia mfupa ulipolia pale kwenye kona alimshukuru Mungu kwanza, ndipo akapiga kelele.

Ulisema raba laini itamfanya mvivu. Mwanao aliitupa kwa kuogopa kwamba itamwezesha kuendelea kukimbia kwa ajili yako.

Ningekuwa na huruma nawe ningeishia hapo. Juzi nilitoka sokoni nikaona kibaraza kitupu na magongo yameegemezwa ukutani. Nikasikia kishindo upande wa nyuma, kinanyamaza, kinarudi. Nikamkuta kwenye ngazi za uani. Amejishika ukuta kwa mikono yote miwili, anauinua ule mguu wa plasta na kuupigiza kwenye ukingo wa ngazi, anauinua tena, anaupigiza. Jasho linamtiririka, meno ameyauma, hatoi sauti. Plasta ilikuwa imepasuka kisiginoni. Nilipomnyanyua aliniomba kitu kimoja, nisikuambie. Alikuwa amesikia simu yako, uliposema akipona tu anarudi kukimbia. Daktari amemfunga upya. Amesema ule ufa uliokuwa mwembamba umefunguka, na ukifunguka mara nyingine atatiwa vyuma, na huenda mguu huo usilingane tena na mwenzake. Tangu juzi sijamwacha peke yake. Karani anakaa naye nikitoka, na mke wa karani akitoka karani. Tunamlinda asijivunje, mdogo wangu. Nyumba nzima ya watu wazima tunamlinda mtoto na mguu wake mwenyewe.

Na nakujua, tumelala kitanda kimoja utotoni. Umeshafika mstari huu na bado kuna pembe ya moyo wako inayouliza kama atawahi mchujo. Nakumbuka ulipokosa nafasi kwenye timu kwa upana wa kifua tu, ukalala umegeukia ukuta, hukula wala kusema mpaka mama akaanza kukuogopa. Nilikulilia wakati ule. Leo nakuambia bila chozi: hukuwahi kuisamehe miguu yako, ukachukua ya mtoto. Na wewe wifi ukashika taulo.

Karani na mkewe wanawasalimu. Wasalimie majirani, msalimie na yule mzee wa duka aliyekuwa akinikopesha magazeti. Makala yangu itatoka Jumapili, na raba nimeisifu kwa kiasi chake, kamba na ulimi nimevikosoa. Majibu ya Tiara nimeyafuta yote.

Sasa sikilizeni ninachotaka. Siombi. Kocha, usije huku. Wifi, mara hii usituachie wenyewe: shika simu leo, umpigie binti yako, na nenda nayo mpaka uwanjani kwa mumeo. Na wewe Kocha, uwasimamishe vijana wako wote, wale waliokusikia ukimwita Bata, uifungue sauti ya simu wasikie, na umwambie mwanao kwamba hatakimbia tena mpaka atake mwenyewe, na asipotaka kamwe basi iwe kamwe. Usimpe pole. Usimwambie mtazungumza akipona. Kupona ndiko anakokuogopa. Mwambie neno hilo tu, na umwambie kabla mfupa haujaunga.

Mimi dada yako,
shangazi yake.