Mzabibu Nyuma ya Jiko

Chamgei, hujambo Chebet mjukuu wangu,

Huku Kabianga tuko wazima, na ng'ombe wa babu yako amezaa.

Unauliza kama kozi ya zabibu ya mtandaoni itakutosha huko Dodoma, bila mwalimu kando yako. Mimi miaka ya tisini nilisoma ya posta, nikapanda mzabibu nyuma ya jiko. Mzabibu huo ulikataa kuzaa. Siku moja tukipiga hadithi hapo na mama mkwe, nikamwona anauchuma, majani mawili na chipukizi.

"Mama, hiyo si chai!"

Akacheka. "Na hayo majani uliyochuma wewe, mkononi mwako?"

Kozi itakufundisha zabibu, Chebet. Lakini mikono yako niliifundisha mimi kwenye chai. Ukipita karibu na mizabibu, tia mikono hiyo mfukoni.

Nyanya yako anayekupenda,
Kogo