Siri ya Matvei Iko Jukwaani Ijumaa

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla ya Ijumaa, maana siku hiyo mchezo wangu unapanda jukwaani nami naona aibu.

Mimi ni mkata magogo huku Siberia, kwetu ni mbali, Pskov, magharibi mwa Urusi, shule niliacha darasa la saba, ila miaka tisa nimekuwa nikiandika michezo ya kuigiza bwenini kambini wenzangu wakicheza karata, kila mwaka naituma na kila mwaka inarudishwa, mpaka safari hii ukumbi wa maigizo wa mjini ukakubali mmoja. Mchezo wenyewe unamhusu Matvei, ninayeshika naye msumeno. Siku moja tukiwa bafu la mvuke, tunachapana migongo kwa matawi kama ilivyo desturi ya huku, aliniambia kwamba mdogo wake Senya hakupotelea thelujini peke yake kama kijiji kinavyojua, bali walikuwa pamoja, Senya amelewa, naye Matvei akachoka kumbeba akamwacha. Yanayosemwa bafuni hayatoki, huku kila mtu anajua, nami nikayaandika yote, hata jinsi Senya alivyomwita, na hicho ndicho kipande mwongozaji alichokipenda kuliko vyote.

Matvei anadhani nimeandika habari za siku alipoopoa trekta mtoni. "Wee mwandishi," ananitania mbele ya watu, "usinitoe na kitambi, nitakushtaki!" Nacheka naye. Jana akanionyesha tiketi mbili. "Mama hajawahi kukanyaga ukumbini, ndugu yangu. Nimemkatia kiti cha mbele kabisa." Mama huyo bado humwekea Senya sahani mezani. Nikisema, mchezo utafutwa. Nikinyamaza je?

Prokhor

Prokhor,

Miaka tisa ya kurudishiwa karatasi inauma, pole sana. Pole yangu inaishia hapo. Unajua la kufanya. Unatafuta tu mtu wa kukwambia sanaa ni kubwa kuliko rafiki. Umekosea mlango. Na usijidanganye kwamba ukibadilisha majina mama hatamtambua mwanawe.

Leo mkitoka kazini mchukue Matvei pembeni, bila pombe, umsomee kipande hicho neno kwa neno. Akikupiga, usijikinge. Akisema kitoke, panda basi kesho ukakitoe, hata mchezo wote ukifa. Akinyamaza, usihesabu kimya chake kuwa ruhusa. Mama akistahili kujua, aambiwe na mwanawe jikoni kwake, si na mwigizaji aliyepakwa rangi usoni.

Jibu hili nakutumia kwa mkono wa dereva wa kambi yenu. Halitaingia gazetini, wala barua yako, mpaka Matvei mwenyewe aniandikie kwamba amekubali, maana hata humo umemtaja kwa jina lake.