Swali la Mama Shija

Mwangaluka, Baba. Ni mimi, Kabula.

Ile shule ya Samuye uliyoifyatulia matofali ndiyo ninayofundisha sasa. Siku hizi kila mtoto lazima asome, tumewapokea wote, lakini madawati hayakuja. Wanakaa chini, na kitabu kimoja cha hesabu wanakizunguka kama kuku kwenye mtama. Mjini Shinyanga kuna shule ya serikali kama hii yetu. Ina madirisha ya vioo, na kila mtoto ana kitabu chake. Huko wanasoma watoto wa maofisa.

Baba, mwezi uliopita nilimhamishia Masanja huko. Mjukuu wako anaishi kwa shangazi yake. Sikumwambia mtu.

Ukaja mkutano wa wazazi. Mwalimu mkuu aliniomba niwahimize watu tujenge chumba kingine. Nikasema maneno yako, kwamba shule ni yetu wenyewe. Jirani yetu Mama Shija akasimama. Mwanawe ndiye aliyekuwa akikaa na Masanja darasani. Alinisalimu kwa heshima, kisha akauliza polepole:

"Mwalimu, kama wewe huiamini shule unayofundisha, sisi tuiamini vipi?"

Watu hawakucheka, Baba. Afadhali wangecheka.

Asubuhi yake nilimkuta Mama Shija ana ndoo kichwani, anapeleka maji kwenye udongo wa matofali. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za Masanja. Hilo liliniumiza kuliko swali lenyewe.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi jioni, udongo mpaka masikioni, nami nakucheka. Ukasema, "Cheka tu, utasoma humo." Nikasoma humo. Mwanangu nimemtoa.

Sitakudanganya: sijamrudisha. Nikimwona amekumbatia kitabu chake mwenyewe, moyo unagoma. Ila nilikuwa nimeomba uhamisho nimfuate mjini. Juzi nimekwenda ofisi ya elimu, nimeliondoa ombi. Nikauliza na madawati. Wakaniambia nisubiri. Nitarudi kuuliza, safari hii na Mama Shija, nimemwomba na amekubali.

Nakuahidi, sitaondoka Samuye kabla Shija hajafanya mtihani wa darasa la saba. Nitamfundisha kama ninavyotaka Masanja afundishwe.

Pumzika kwa amani, Baba. Mama akikuuliza habari zangu huko mliko, mwambie mzima. Haya mengine naomba yabaki kwetu sisi wawili, kwanza.

Mwanao,
Kabula