Ndama wa Kwenye Picha Yako

Mwangulu,
Lunga Lunga, Kwale.
18 Februari 2024

Mpendwa mdogo wangu Sanga,

Marahaba ya ile shikamoo uliyonitumia kwa simu. Bwana asifiwe. Natumai wewe na mkeo Beryl mu wazima huko Doha, na lile jino limepoa. Sisi twamshukuru Mungu. Mama anakula vizuri, ila magoti tu, na kila akiamka anakuulizia.

Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu hunikatiza.

Sanga, nina hasira nawe. Nimeiombea hadi nimechoka, haijaondoka.

Ulipotaka ng'ombe wachomwe dawa ya kuwaleta joto pamoja, kisha wapandishwe kwa mrija, kwa mbegu ya mtungini, wote siku moja, sikukataa. Ulisema ndama watazaliwa pamoja, walingane, wanunuzi wa nyama wa Diani wawachukue kwa mkupuo. Jambo zuri. Lakini kiangazi kilikuwa kimewakausha, mbavu nje. Hesbon, daktari wa mifugo uliyemleta kutoka Ukunda, aliniambia wazi: "Mama, ng'ombe aliyekonda, dawa itamwamsha lakini mimba haitashika. Na fahali msimwuze, atawapanda watakaokosa." Nikakupigia. Ukasema daktari mwoga, na fahali mwekundu wa marehemu Baba akauzwa kulipia dawa.

Kisha siku ya mrija ikawa ndiyo siku ya kumzika Shangazi Kadzo. Nilikusihi uisogeze. Ukanijibu, dawa ikishaingia haingoji maiti. Neno hilo, Sanga, kwa shangazi aliyekubeba mgongoni! Watu wote wako kaburini, mimi niko zizini nashika mikia. Sikumtupia udongo. Hadi leo kina mama tuliolala nao matangani wakiniona huniuliza, "Sidi, ng'ombe wako wamepewa pole?"

Jema silifichi. Wanne walishika, na ndama wao ni wazito, wapana, wamezaliwa karibu pamoja kama ulivyosema. Waliobaki mwezi haukuisha wakarudi joto, na fahali hayupo. Ukasema tungoje utume mbegu nyingine. Tukangoja, msimu ukapita. Yule kahawia wa Mama alikuwa miongoni mwao. Mamako anakunywa chai ya mkandaa, bila tone la maziwa, na wewe mwenye ng'ombe.

Mwishowe nikaenda kwa jirani yetu Mwero kuomba fahali wake. Alicheka hadi akakohoa. "Mwamtaka wangu? Si nyinyi mna mume wa mtungini? Mpigieni simu!" Akasema pesa za Doha hazitaki. Anataka ndama jike mmoja wa mrija, amchague mwenyewe, akishaachishwa kunyonya. Nikakubali bila kukuuliza.

Waliokosa wote sasa wana mimba. Yule kahawia tumbo limeshuka. Mungu akijalia, masika yakianza Mama atakuwa na maziwa.

Jana Mwero alikuja na kamba yake. Nakwambia kabla hujaambiwa na mwingine: alimchagua yule mwenye doa la paji, uliyemweka kwenye picha ya simu yako watu wakusifu. Usinipigie kunigombeza. Ndama ameshakwenda. Picha baki nayo.

Mpe Beryl salamu zangu, na mtoto Baya umbusu. Mjomba Tembo anakusalimu, Mama anakuombea. Ukija likizo, kabla ya kuingia zizini, pitia kaburini kwa Shangazi. Nitakuwa nakungoja pale, tumtupie udongo wote wawili.

Mungu akukinge huko ugenini, na akupe masikio.

Ni mimi dadako, nikupendaye hata nikikasirika,
Sidi