Boksi Lililotuniwa Thelathini na Nne

Jumatatu, 3 Juni

Mgongo! Kutwa nzima nimeinamia msumeno. Vumbi la mbao limeingia hadi masikioni. Bosi kanipa boksi la spika ya besi, kubwa kuliko yote niliyokata tangu nije nchi hii. Linakaa nyuma ya gari la familia, viti vimeng'olewa. Fundi Umeme akalizunguka akicheka — mtu akigombana na mkewe anahamia humu!

Mwenye gari hakucheka. Bwana mwembamba, miwani myeusi hata ndani ya karakana. Tumeshampa jina: Miwani. Alitaka jambo moja tu, spika ifungwe kwa skrubu, gundi isiguse. Nikamwambia skrubu na mpira wa kuzuia hewa vinatosha. Akaitikia kwa kichwa, akaondoka.

Jumatano, 5 Juni

Leo kutuni, yaani kulitafutia boksi mlio wake. Ndiyo sehemu pekee ya kazi hii inayonisahaulisha mgongo. Nawasha mlio mmoja mnene kutoka kwenye simu, naushusha kidogo kidogo. Mkono mmoja mbele ya tundu la kutolea hewa, macho kwenye uso wa spika. Uso unaruka, unaruka — halafu mahali fulani unatulia kama mtoto aliyepata ziwa la mama, na upepo wote unavuma tunduni. Hapo ndipo boksi lilipotuniwa.

Lilitulia kwenye mitetemo thelathini na saba kwa sekunde. Juu mno. Nikarefusha bomba la tundu, nikajaribu, nikarefusha tena. Thelathini na nne. Vioo vya ofisi vikaimba! Bosi akatoka anafoka, nikajua tumefika.

Shule niliiacha njiani, lakini hewa naielewa. Boksi kubwa, mlio chini. Boksi dogo, mlio juu. Kama mtungi — unavyoujaza maji ndivyo sauti inavyopanda. Elimu yangu yote ni hiyo.

Ijumaa, 7 Juni

Miwani kaja kuchukua gari. Hakutaka kusikia! Nimeshika simu tayari, yeye anasema hakuna haja, anaiamini kazi yangu. Watu wa maboksi nawajua. Hawaulizani hali. Wanaulizana: umelituni ngapi? Huyu hakuuliza. Nani ananunua chungu bila kukigonga?

Aliuliza mengine. Kwetu ni wapi, na mara ya mwisho nilienda lini. Fundi Umeme akanijibia — huyu kitindamimba wake anamjua baba kwa sauti ya simu tu. Safari hii Miwani alicheka.

Jioni mke wangu kapiga. Mama yangu hali mbaya, hataki tena kula. Ananiulizia mimi tu.

Jumatatu, 10 Juni

Sijui niite bahati au nini. Miwani anataka gari livushwe mpaka, lifike kwetu, kwa ndugu yake. Niliendeshe mimi. Mtu anayerudi kwao hasumbuliwi, anasema. Nikishalikabidhi, niende zangu kwa mama.

Bosi kaniruhusu bila kununa. Bosi! Mtu ambaye nikiumwa huniambia nikohoe huku mikono inafanya kazi. Hata usoni hakunitazama.

Karatasi za gari zimeandikwa jina langu. Eti ili mpakani pawe pepesi. Nimezisoma polepole, herufi kwa herufi. Ni mimi kweli. Sijawahi kumiliki hata baiskeli.

Jumanne, 11 Juni

Nimemwambia mke wangu. Kalia. Kasema mama aliposikia aliomba uji.

Mbona sina raha?

Alhamisi, 13 Juni

Barabarani. Siko peke yangu. Miwani kanipa mwenzangu wa safari, kijana wa shingo nene, anamwita Binamu. Kabla hatujawasha gari kanichukulia pasipoti — nikutunzie, mzee, wewe shika usukani. Kaiweka mfukoni mwake pamoja na karatasi za gari.

Gari limelala nyuma, pua juu. Nikawasha redio, akaizima. Kichwa kinamuuma. Boksi la kufukuza ndege mtini liko mgongoni kwetu, na tunakwenda kama tunasindikiza maiti.

Kwenye kituo cha mafuta akaenda msalani. Nikafungua mlango wa nyuma, nikawasha mlio wangu, sauti ndogo. Thelathini na nne — uso wa spika unaruka. Thelathini na sita, unaruka. Nikailaumu simu. Nikapandisha tena, na tena. Ukatulia kwenye arobaini na moja. Tundu likanipulizia kiganjani.

Boksi ni langu. Bomba ni lile lile, nimelipima kwa mkono, halijakatwa. Sasa theluthi nzima ya hewa imekwenda wapi? Hewa haiibiwi. Hewa hufukuzwa na kitu.

Vichwa vya skrubu vimechunwa. Mimi sichuni skrubu.

Binamu akatokea nyuma yangu. Nikasema nilikuwa naangalia taa ya breki. Akaufunga mlango wa nyuma. Mzee, akasema, ukitaka kumwona mama yako, angalia mbele.

Ijumaa, 14 Juni

Foleni ya mpakani. Naandika juu ya usukani. Binamu anadhani napiga hesabu za mbao.

Sikulala. Nikikimbia, pasipoti anayo. Nikisema, gari lina jina langu, na boksi nimelijenga kwa mikono yangu. Nani atanisikiliza? Nikinyamaza tukapita, mikono hii hii ndiyo itakayomnywesha mama uji. Sijui mle mna nini. Sitaki kujua. Naongopa! Nimekaa na kile kitu mgongoni tangu jana, kila shimo barabarani nasikiliza kama kitagonga. Hakigongi. Kimefungwa vizuri.

Magari yanapita haraka. Afisa anachungulia, anapunga mkono, kizuizi kinainuka. Nilianza kupumua.

Tumefikiwa. Afisa kijana, mcheshi. Akachungulia, mkono tayari umeinuka kutupitisha — akaona nyuma. Macho yakamwaka. Kumbe mzee ni mtu wa besi! Akasema naye analo, dogo, alilijengea sebuleni mpaka mama yake akamfukuza nalo. Binamu akacheka. Alicheka mno. Halafu kijana akauliza lile swali.

Umelituni ngapi, fundi?

Binamu kanishika goti, ananong'ona: taja yoyote, bwana, taja tupite. Lakini kijana akasema ngoja, usitaje kwanza, nina milio ya kupimia kwenye simu yangu, nikaichukue ofisini. Nikirudi utaniambia, nami nitalipima nione kama wewe ni fundi kweli. Fungua nyuma! Akaondoka mbio kama mtoto aliyeitwa kucheza.

Nimevuta kishikio kando ya kiti, nyuma kuko wazi.

Nikitaja arobaini na moja, atapima, atapata arobaini na moja. Atanipa mkono, kizuizi kitainuka. Mama yuko upande ule, jua likizama niko kwake. Nikitaja thelathini na nne, ataona uso wa spika unaruka pale unapotakiwa kutulia. Mtu wa boksi akiona hivyo haondoki. Atauliza hewa imekwenda wapi. Ataomba bisibisi.

Binamu anasema nifunge daftari. Bado kidogo, namwambia, namalizia hesabu.

Kijana anatoka ofisini, simu kaiinua juu, anacheka. Nilikata mbao zile mimi. Nilirefusha bomba lile mimi. Thelathini na nne ndiyo kazi yangu. Arobaini na moja ni yao.

Anakuja. Binamu hajatoa mkono gotini.