Maharagwe ya Digrii Tisini na Mbili

Baba Jepleting,

Nimetoka mapema, leo ndiyo ule mtihani wetu wa kemia huko Nakuru. Chai iko kwa thermos. Toa nguo kwa kamba mvua ikianza. Maharagwe iko jikoni, lakini usiiguse kabla hujamaliza kusoma hii!

Asubuhi nilikuwa narudia ile hesabu ya joto. Kitabu kinasema maji huchemka kwa digrii mia. Nikatumbukiza kipimajoto chetu cha maziwa kwa sufuria inayotokota: tisini na mbili. Nikaongeza kuni, nusura nichome jikoni. Bado tisini na mbili! Nikadhani kimeharibika, kumbe jibu liko ukurasa unaofuata. Mahali pa juu hewa ni nyepesi, kwa hivyo maji huchemka mapema, kabla ya kufika mia, na chakula kinachukua muda zaidi kuiva. Na yakishachemka, ukiongeza kuni joto halipandi, maji yanakauka tu.

Umeelewa? Miaka kumi na moja mama yako anaambia wageni sijui kuivisha maharagwe, na wewe unacheka. Yeye anapikia Kerio, chini bondeni. Mimi napikia Molo, huku juu!

Sasa funika sufuria, weka moto kidogo, ngoja masaa matatu. ~~Usimwambie mama yako.~~ Mpigie simu sasa hivi. Mwambie akuje na maharagwe yake apikie hapa kwangu. Kuni ziko, na kipimajoto nitashika mimi.

Mama Jepleting